Korseti ya Fadhila

Fadhila, nilikuwa nashona korseti yako ya kubana kiuno ndani ya gauni la harusi, ile niliyoikata kwenye tisheti kuukuu. Napitisha chuma cha mwavuli kwenye mfereji wa ubavuni, kile kifuko chembamba cha kushika chuma, mara askari wakavunja mlango kwa teke.

Wanatafuta waasi waliotoka mtaa wa Kamenge. Mmoja akaibinya korseti. "Hii mifuko myembamba ya nini? We mwanamuke, unashonea waasi vya kubebea risasi!"

Nikasema ni nguo ya harusi. Akatoa risasi yake, akaitia kwenye mfereji uliobaki wazi. Ikaingia sawasawa. Fadhila, iliingia sawasawa!

Kaka yangu Anouar akasema, "Apana, afande, ni nguo ya wanawake." Wakampiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakadondokea kitambaa chako. Wakaendelea kumpiga mateke akiwa chini.

Mkubwa wao akaniambia, "Basi vaa, tuone."

Nikaivaa juu ya gauni, mbele yao wote. Haikufunga, wewe ni mwembamba kuliko mimi. Wakacheka. Anouar anatema damu, wao wanacheka. "Huyu mama ni fundi tu," akasema mkubwa. "Twende."

Labda nao walikuwa na hofu. Sijui.

Nimemlaza Anouar, anapumua. Nikaivua korseti, nikagusa ule mfereji. Risasi yao bado imo.

Sasa wako kwa jirani, nasikia wanapiga watu. Nikiitupa risasi nje wataiona, na wakiikuta humu watasema ni ya waasi. Nimeushona mfereji juu, risasi ikiwa ndani, nimeitundika korseti pamoja na nguo nyingine.

Kesho nitafumua, nianze upya. Leo usije.