Biira, Grafaiti Ile Bado Ni Maua

Biira wangu uliye Kampala,

Mimi Mukaka, nyanya yako mzaa baba, nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, huu wa darasa la tatu, kwa hiyo vumilia herufi. Simu ninayo, na chaji iko. Lakini kwenye simu mdomo wangu unanitangulia, na Jumapili ulinitangulia vibaya.

Ulinipigia natoka kanisani. Ukasema Ijumaa unatia akiba yako yote ya unesi katika hisa za grafaiti, yale madini meusi ya penseli ambayo siku hizi yanatiwa kwenye betri za magari. Kampuni ziko mbili. Moja inachimba tayari, inapakia magunia melini, lakini faida yake ni ya polepole. Nyingine iko na kilima, vibali na picha nzuri, haijatoa hata gunia moja, na wenzako wodini wanaisifu sana. Nikasikiliza vizuri. Halafu ukasema, "Mukaka, Koko wa Butembo anasema nichukue ile yenye iko nachimba."

Koko! Nyanya wa upande wa mama yako, huko ng'ambo ya mpaka, ndiye ulimuuliza kwanza!

Nikakujibu hapo hapo: "Achana naye! Nunua ile ya kilima. Muuza vitenge anajua nini?"

Ukacheka. "Haya Mukaka, nimekusikia wewe."

Mtoto, nilifurahi siku mbili nzima. Nilipalilia nikiimba, hata jirani akauliza kama nimepata mchumba.

Siku ya tatu furaha ikaisha, kwa sababu nilijua nimekudanganya. Nilijua simu ikiwa bado sikioni.

Unakumbuka babu yako aliponunua maua kule Kitswamba? Ulikuwa na meno mawili ya mbele yameng'oka. Mtu mwenye shida aliuza kahawa yake ingali maua mtini: anapewa kidogo leo, na mavuno yote yanakuwa ya mnunuzi. Tukaenda kuangalia, wewe na mimi. Shamba lote jeupe, harufu mpaka barabarani. Ukaniambia, "Mukaka, sasa sisi matajiri!" Na mimi mjinga nikakubali. Wiki haikwisha, mvua ya mawe ikapita mchana. Tuliporudi ukaanza kuokota maua matopeni, unayatia kwenye kitenge changu, ukitaka tuyarudishe mtini. Tangu siku ile, mtu akimletea babu yako habari ya kahawa, alimwambia tu, "Nionyeshe gunia."

Kampuni ya kilima iko na gunia gani? Vibali ni maua, picha ni maua. Pengine yatazaa, sijui. Lakini akiba ya mshahara wako, wewe unayesimama na wagonjwa mpaka miguu inavimba, si ya kununulia maua. Na hata hiyo inayochimba usiipe yote. Uliza nani ananunua mzigo wake, na bei ikianguka watakula nini. Kahawa nyekundu pia tunaitia majini kwanza, na mbovu zinaelea.

Unaona? Ningeweza kukuambia haya Jumapili. Ni wivu, Biira, sitaki kuuita jina lingine. Ulipougua malaria nilikubeba mgongoni, nikalala chini ya kitanda chako pale hospitali ya Kasese. Koko yeye akaja siku ya kutoka, na biskuti na Kifaransa chake, ukamrukia shingoni. Mimi nikabaki kwenye benchi nimeshika ndoo. Na kwenye simu yako picha ni ya nani? Nimeiona. Mimi si kipofu.

Basi usinunue ile ya kilima. Koko alisema kweli. Nimeliandika hilo mara moja na sirudii. Na usimpigie kumwambia, maana atavuka mpaka siku ya soko hapa Bwera, anisimamie mbele ya watu na kicheko chake kile.

Barua hii nampa dereva wa basi, ukaichukue Alhamisi bila kuchelewa. Vaa sweta, kula vizuri, acha chips. Na ukiwa na jambo lingine lolote, nipigie mimi kwanza, hata kama nitajibu vibaya.

Mukaka wako,
yule aliyeshika ndoo