Shada Lisilofungwa

Mjini Hilo, Jumapili asubuhi

Kaheana, ua la moyo wangu,

Ndoa ni tamu kuliko nilivyoota! Kaluna hunitolea miiba ya samaki kwa mikono yake, na akiniona nakuandikia hucheka: "Wewe binti mfalme, umeolewa na mimi au na huyo mwandani wa malkia?"

Lakini jana Shangazi Hana alishuka melini kutoka Honolulu na maneno yake.

"Nimemwona Kaheana wako kwenye dansi ya malkia. Shada lake la maua halikufungwa nyuma ya shingo, ncha zote zinaning'inia kifuani. Mwenzio ana mimba, mwanangu; mjamzito havai shada lililofungwa. Kwani hukuambiwa?"

"Nani alimtungia?"

"Emalia, yule mwandani mwenzake, nani mwingine?"

Emalia! Kumbe yeye alijua kabla yangu, mimi ninayekuandikia kila meli ikiondoka. Nililia, nikasukuma kando poi yangu ya magimbi.

Sasa nisikilize, mpenzi. Livue hilo la Emalia, uvae hili ninalokutumia. Kisha nitungie na mimi langu, wewe mwenyewe, na ncha zake usizifunge.

Kaluna bado hajui. Nimekuambia wewe kwanza.

Wako, hata sasa nikiwa mke wa mtu,
Nohea