Ndoano ya Tela la Baba Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Upepo na vumbi tangu asubuhi. Geti mbili, benchi moja la kanisa la kigango, halafu landrova la baba mkwe. Nimelimaliza saa kumi. Pleti ya kuvutia tela nimeichomelea nyuma kwenye bampa, tundu katikati, pini inachomekwa kutoka juu. Kama trekta. Ndivyo alivyotaka. Alielekeza kwa fimbo yake: hapa, hapa, na hapa.

Si sawa. Tela alilonunua mnadani ni la jeshi, zito hata likiwa tupu, na mbele lina pete ya chuma nene kama kifundo cha mkono wangu. Pete ile inataka ndoano yenye taya, inayofunga juu na chini, iliyokazwa kwa bolti kwenye chesisi. Bampa ni la kuzuia mikwaruzo tu. Mtu yeyote anayeshika moto wa kuchomelea anajua hilo.

Nilisema "sawa, baba" mara nne. Fundi mzima.

Jumatano, 16 Julai

Tumejaribu, tela tupu. Mzee anaendesha, mimi pembeni yake, mikono magotini. Kila tuta linagonga. Ngo! Ngo! Kona ya Majengo akasimama makusudi awaambie wazee wenzake, "Mkwe wangu huyu ana mikono." Wakanitazama wote. Nilitamani ardhi inimeze.

Ameendesha trekta miaka mingi kwenye shamba kubwa, kwa hiyo nani atamwambia habari za tela? Lakini trekta linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Yeye akishika usukani wa landrova anakanyaga mafuta utadhani anafukuzwa.

Ijumaa, 18 Julai

Jana amepeleka kokoto kijiji cha Mpitimbi, za sakafu ya kibanda cha mashine ya kusaga. Leo amekuja, anasema kuna kitu kinalia nyuma. Nimeingia chini ya gari na tochi. Ufa. Upande wa kushoto, urefu wa kidole, kwenye mchomeleo wangu mwenyewe.

Niandike tu, hakuna anayesoma. Nimepitisha moto juu yake, nimesugua, nimepaka rangi nyeusi. Nikatoka chini nikasema, "Tayari, baba." Akanishukuru. Akaniachia mkungu wa ndizi.

Ndizi zenyewe siwezi kuzitazama.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa, mke wangu Editha ameniambia kwa furaha kwamba mashine ya kusaga inakwenda Mpitimbi Jumamosi. Kikundi cha mama yake kimeisubiri mno. Mpaka leo wanabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, wanapanga foleni, wanarudi jua limezama. Sasa watakuwa na ya kwao.

Nikauliza wataifikishaje. Akajibu, kwenye tela la baba, si tumelitengeneza? Na wao watapanda humo humo pamoja na mashine, waingie kijijini wakiimba. Akina mama kumi na wawili. Mama mkwe. Na Editha mwenyewe, ambaye kitenge chake cha sare tayari kiko kwa fundi.

Ugali umenikwama kooni. Akanigonga mgongoni, akanicheka kwamba nakula kama fisi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa baba mkwe kumwambia. Shikamoo baba, marahaba mkwe, karibu. Nimekaa kwenye kigoda, macho sakafuni. Nimekunywa chai. Nimezungumzia baridi ya mwaka huu. Nimezungumzia kuku wake. Nimeaga. Bure kabisa.

Kwetu, mkwe hamkosoi baba wa mke wake uso kwa uso. Ukimkuta amevaa shati nje ndani, utalisifia shati. Neno zito linapelekwa na mshenga, yule yule aliyekwenda kukuposea. Tumelelewa hivyo, na mimi nimejivunia miaka kumi na moja. Ukoo mzima unanitaja kwa adabu. Haya, mwenye adabu amechomelea takataka kwenye bampa, akaipaka rangi ipendeze.

Jumanne, 22 Julai

Editha nimemdanganya nakwenda kutafuta vijiti vya kuchomelea. Nimekwenda Maposeni kwa Mzee Haule, mshenga wangu. Ni fundi cherehani, amepita sabini, bado anatunga uzi bila miwani.

Nimemweleza habari ya pleti na pini. Amecheka mpaka mguu ukaacha kukanyaga cherehani.

"Nilikupelekea posa, sasa unanituma nipeleke ndoano! Kesho utanituma nikamwambie suruali yake imetoboka."

Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama kuna kitu nimebakiza. Nikasema hakuna. Akakata uzi, akanitazama, akasubiri. Ikabidi niseme habari ya ufa na rangi. Akasema basi ataanza na hilo, la sivyo hatoki hapo alipokaa.

Nimekubali. Jasho limenitoka na baridi yote hii.

Jumatano, 23 Julai

Mzee Haule amepita karakana saa tisa, viatu vyote vumbi. Ameshafikisha. Nikamuuliza baba alisema nini. Eti baba alimenya muwa wake mpaka ukaisha. Halafu akasema kesho saa tatu niwe na grenda tayari.

Basi? Basi.

Sijui nitakatwa mimi au pleti.

Alhamisi, 24 Julai

Saa tatu kamili. Baba mkwe mbele, amevaa koti lake la kanisani, Mzee Haule nyuma yake. Nikasema, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Miaka kumi na moja hajawahi kuniacha na shikamoo mkononi.

Nimewasha grenda. Upande wa kulia umekatika kwa taabu, cheche kila mahali. Nikahamia kushoto. Sijafika hata nusu, pleti imeanguka yenyewe. Chini ya rangi yangu ufa ulikuwa umetembea karibu upande wote.

Baba mkwe akaiokota pleti kwa mikono miwili, bado ya moto, akaiweka haraka juu ya meza. Akainama kuutazama ufa. Akaikwangua rangi kwa ukucha.

"Mahali pa kuchomelea nilikosea mimi," akasema. "Lakini mimi sikujua. Wewe ulijua. Ulikuwa unamwacha mwanangu apande hili?"

Mbele ya mshenga. Nilijiambia namlindia heshima yake. Uongo mtupu. Niliogopa kusemwa, niliogopa nisiitwe tena mkwe mwema. Editha angeanguka barabarani kwa ajili ya sifa zangu.

Wameondoka bila kunywa hata maji.

Ijumaa, 25 Julai

Jana mchana nilizunguka kwa watu wa vyuma chakavu mpaka nikapata ndoano ya kweli, imetoka kwenye lori kuukuu. Taya la juu linafunguka, pete inaingia, taya linashuka, pini inapita pembeni na klipu yake ya kuizuia isichomoke. Kutu nyingi, lakini chuma kizima. Nimekigonga kila upande, nimesikiliza. Hakuna ufa. Safari hii nimeangalia mara tatu, na rangi sijapaka.

Leo nimeifunga. Bampa nimelitoa kabisa. Pleti nene upande mmoja wa chesisi, nyingine upande wa pili, bolti sita zimepita katikati. Nimepima kimo cha pete tela likiwa limesimama sawa, lisiinue pua wala lisiinamie. Minyororo miwili ya akiba, imepishana chini. Nimekaza nati mpaka bega limeniuma.

Baba mkwe alikaa kwenye tairi kuukuu tangu asubuhi, akitazama. Hakuelekeza kwa fimbo. Jioni aliinuka, akatikisa ndoano, akasema akina mama watapanda basi dogo.

Halafu akaninyooshea kidole. "Wewe utapanda tela."

Jumapili, 27 Julai

Mgongo unauma. Editha hanisemeshi. Nimemwambia habari ya ufa na rangi asubuhi hii, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua kapu lake, akaenda kanisani peke yake. Amerudi. Anapika. Sijui kama sahani yangu imo.

Jana nimekwenda Mpitimbi ndani ya tela, mimi na mashine ya kusaga, nimeng'ang'ania kamba. Basi la akina mama lilitangulia, nyimbo zao nilizisikia mpaka vumbi likazimeza. Macho yangu yalikuwa kwenye ndoano. Kila tulipoingia kwenye korongo, pete ilijigeuza ndani ya taya, upande huu, upande ule, na chesisi haikulalamika. Nilitaka kuifurahia. Lakini kuna mteremko mmoja mrefu, na mzee akaukanyagia kama kawaida yake. Tela likaanza kulisukuma gari. Mashine ikajivuta kwenye kamba. Nilisali kwa sauti, sioni aibu kuandika.

Tulipofika, vigelegele, mashine ikashushwa na watu wengi kuliko waliotakiwa. Mama mkwe alikuwa anaipapasa na kulia. Baba mkwe akazunguka nyuma ya tela nilipokuwa najikung'uta vumbi.

"Umeonaje?"

Sawa, baba. Hilo ndilo jibu langu siku zote, lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamtazama usoni. Macho yake ni ya kahawia, sikuwahi kujua.

"Inashika, baba. Lakini kwenye mteremko umekwenda kasi mno. Ungetuua."

Akina mama waliokuwa karibu wakageuka. Editha akaziba mdomo kwa mkono.

"Kasi?"

"Kasi, baba."

Akajikuna kidevu, akatazama barabara tuliyotoka. "Haya," akasema, akaenda kunywa togwa.

Kurudi alinikalisha mbele. Kabla ya daraja kuna mteremko mwingine, mfupi. Alipunguza gia kabla sijafungua mdomo.