Nyuzi za Kujazia Pango

Jumatatu, 9 Machi 1998

Mvua. Kukata magunia tangu asubuhi. Kisu butu, vidole vimevimba. Gunia la sandarusi unalifumua, unakata nyuzi fupi kama kidole, unajaza ndoo. Halafu ndoo nyingine. Nilitoka Shinyanga kuja kuchimba makaa ya mawe baada ya kiwanda chetu cha pamba kuuzwa. Sasa nimekuwa fundi cherehani asiye na cherehani.

Injinia, kijana wa Dar, anasema nyuzi ni mifupa. Vumbi la mawe, majivu, simenti kidogo, nyuzi. Vyote vinajazwa kwenye pango tulilomaliza makaa yake. Vikishika, mimi na mwenzangu Ambakisye tunaingia kutoa nguzo ya makaa iliyoachwa ubavuni kushikilia dari. Pango la kwanza lilijazwa bila nyuzi. Lilipasuka, kipande kikamwangukia mtu mguuni. Hatembei mpaka leo.

Kwa hiyo nakata kama nilivyoambiwa. Atakayesimama chini ya ukuta ule ni mimi.

Alhamisi, 12 Machi

Magunia yamekwisha. Nyapara kanituma kijijini Masukulu nikaokote yaliyotupwa. Injinia huyaita taka. Angekuja mwenyewe azione hizo taka. Gunia moja ni koti la mvua la mzee. Jingine ni mlango wa choo. Jingine linaanikiwa maharage. Jingine ni godoro la watoto.

Mama mmoja alikuwa anatoka shamba na mkungu wa ndizi, gunia la mbolea kajifunika kichwani. Nikamwamkia, nikamwuliza kama ana la kutupa. Akanitazama juu mpaka chini.

“Gwe mwanangu, nikikupa hili, mvua utanikinga wewe?”

Wenzake walicheka mpaka wakatua mizigo. Akauliza kwetu wapi. Nikasema Shinyanga. Akasema ndiyo maana, mtu wa jua hawezi kujua gunia ni nini.

Nimerudi na matatu yaliyooza. Nyapara kanitukana mbele za watu. Ananituma kitu ambacho hakipo, halafu anakasirika nisipokileta.

Ijumaa, 13 Machi

Leo afadhali. Nimekwenda mjini Tukuyu, mtaa wa Bulyaga. Mwenye duka mmoja, wazee wake walitoka Pwani, alikuwa ndiyo kwanza anatoka msikitini. Siku hizi sukari ya nje inaingia kwa wingi, magunia yamemjazia stoo. Akanipa mzigo mzima bure. Alisema tukimaliza kufukia mgodi tuje tufukie na shimo la barabarani mbele ya duka lake, maana halmashauri imeshindwa.

Magunia meupe, kama mapya. Njia nzima sisimizi wananing'ata mgongoni. Nimewavumilia. Injinia kayashika, kafurahi. Ya mbolea tulikuwa tunayafua mtoni kwa ajili ya harufu. Haya hayana harufu. Hakuna aliyesema yafuliwe.

Jumamosi, 14 Machi

Tumejaza pango. Nyuzi ziligoma kutawanyika, zikawa madonge. Nyapara kaamuru tukanyage kwa miguu kama udongo wa nyumba. Ambakisye akaimba wimbo wa kwao wa kukandika, akasema amebakiza kutafutiwa mke wa kumweka humo. Tumekanyaga mpaka magoti yakagoma. Mbao zimepigwa mbele, tumetoka.

Jumanne, 17 Machi

Tumeondoa ubao mmoja. Laini kama ugali. Injinia anasema ni baridi ya huku. Anasema tusubiri.

Jumatano, 18 Machi

Bado ugali.

Mnunuzi wa makaa amefika na lori, linasubiri tope likilitafuna. Nyapara anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila akipita ananiambia nyuzi zangu mbovu. Nyuzi zangu. Juzi zilikuwa za Injinia.

Alhamisi, 19 Machi

Tumeshuka na taa, tumekuta sisimizi. Mstari mweusi, kutoka sakafuni hadi kwenye ukuta wetu. Nyapara kacheka, kasema hata wadudu wanataka ajira. Injinia hakucheka. Alichota kidogo kwa kidole, akaonja, akatema. Akakaa juu ya toroli.

“Sukari,” alisema. “Simenti haishiki kwenye sukari.”

Akaniuliza kwa nini sikuyafua magunia. Nikamwuliza yeye kwa nini hakuniambia. Aliyashika kwa mikono yake. Nilitaka agombe, nipate pa kumwagia hasira. Akasema tu ni kweli.

Kasema hapana kuigusa nguzo mpaka pango litolewe lote na lijazwe upya. Kesho anapanda Tukuyu kumpigia simu tajiri mwenye mgodi.

Ijumaa, 20 Machi

Tope halijatoka kwenye kucha. Naandika hivyo hivyo.

Injinia alipoondoka tu, nyapara akaja na sururu mbili. Akasema lori haliwezi kulala tena. Nikasema siingii. Akasema wanaotaka kazi wapo wengi nje ya geti. Ambakisye akachukua sururu. Nilimshika shati.

“Ukuta haujashika, utakuangukia.”

“Kaka, hapa ni kwetu. Nikifukuzwa hapa nakimbilia kwa nani? Wewe una Shinyanga.”

Sina Shinyanga. Sikumwambia. Alishuka peke yake. Nilikaa nje nikimlaani yeye, nyapara, simenti na mvua. Kisha nikashuka. Kuchimba sikuchimba. Nilishika taa juu, nikautazama ukuta.

Alikuwa amefika mbali kwenye nguzo. Ukuta ulitoka tumbo. Nilipiga kelele. Mbao zikaruka. Tope likaja, lakini halikuja kama jiwe. Lilikuja kama blanketi bichi linaloanuliwa kambani, nyuzi zimelikamata, linaning'inia, linakatika kidogo kidogo. Nikamvuta kwa mkanda. Tukatambaa. Nyuma yetu likashuka lote, kwa upole, likafunika sururu na nguzo.

Nje nyapara aliuliza sururu iko wapi. Ambakisye alimpita, akaelekea kambini.

Jumapili, 22 Machi

Kisondela, nyumbani kwa Ambakisye. Tumekuja kwa miguu baada ya ibada. Mvua imekatika, migomba inachuruzika. Mama yake ametupa maji ya kunawa mwenyewe. Mimi ananiita mwanangu, jina langu hajaliuliza.

Aliuliza kama ukuta wetu ulisimama.

Ambakisye akasema, “Ulianguka, mama. Ila ulianguka polepole.”

Mama akaweka sahani chini. Alitutazama, kwanza mwanawe, kisha mimi.

“Ndaga,” akasema. Sijui alikuwa anamshukuru nani.

Akarudi jikoni kutupakulia tena. Kesho ni siku ya kazi. Viatu vya kazi tumeviacha kambini, na hakuna aliyetaja kwenda kuvichukua.