Mawese Ndani ya Ponti

Kasongo, Jumapili. Mvua imenyesha mpaka alfajiri, sasa jua limetoka na barabara inafuka mvuke. Nimelala kidogo sana, lakini moyo wangu mweupe.

Jana nilitoka Kabambare na kamyo, lori la tajiri wangu, nimepakia mpunga. Juu ya magunia walikaa mama mkwe wangu na jirani yake, Mama Zaina. Mke wangu Feza yuko hapa Kasongo, mimba yake ya kwanza ilikuwa imefikia siku zake, na alitaka mama yake awe karibu.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake, wala hasemi naye. Maneno yanapitia kwa mtu wa tatu. Ndiyo sababu alikataa kukaa mbele, ingawa nafasi ilikuwepo. Tangu nimuoe Feza, sijapata kusikia hata neno lake moja likija kwangu bila kupitia kwa mtu.

Tulipopita Wamaza, ponti ikaanza kulia. Ponti ni kile chuma kinene kama chungu, katikati ya magurudumu ya nyuma, chenye gia zinazoyazungusha. Nikikanyaga mafuta inaunguruma, nikiachia inapiga mluzi. Nikasimama, nikaingia chini. Boliti za kifuniko zilikuwa zimelegea, karatasi inayozuia mafuta imechanika, na mafuta mazito yamemwagika njia nzima.

Kazi hii naijua.

Nilikata karatasi mpya kwenye katoni ngumu, nikaipaka sabuni pande zote mbili, nikaipanga vizuri na kukaza boliti moja moja. Kuvuja kukaisha. Lakini ndani palikuwa pakavu, na ponti bila mafuta inajitafuna yenyewe. Tusingefika mbali.

Nilijua pia kwamba juu ya magunia kulikuwa na debe la mawese. Nililipandisha mwenyewe. Mama mkwe aliyakamua kwa mikono yake, ya kumpikia Feza akishajifungua.

Ponti sikuiogopa. Niliogopa kuomba.

Mama mkwe alikuwa ameshuka, ameketi kando ya barabara, ametupa mgongo, kitambaa kimefunika kichwa. Mama Zaina alisimama katikati yetu. Kila mtu alimsikia mwenzake waziwazi, lakini njia ya maneno ilikuwa Mama Zaina.

"Mama Zaina, umwambie mama, mafuta ya gari imeisha."

Kabla Mama Zaina hajafungua kinywa, mama mkwe akasema, "Umuulize, mawese inaweza kusaidia?"

"Umwambie inaweza kutufikisha. Lakini ile iko ya mzazi."

Nikasikia kasuku wakipita juu ya miti. Halafu mama mkwe akasema polepole:

"Umwambie, mzazi anataka mama yake kwanza. Mawese nitakamua ingine."

Mama Zaina alienda kushusha debe.

Niliponda ndizi mbivu tulizobeba za kula njiani, nikazichanganya na mawese, nikajaza ponti. Si dawa, ni ujanja wa madereva wa kupunguza kelele na kufika nyumbani. Nikaondoka taratibu. Kila baada ya kilima nilisimama kushika kile chuma kwa kiganja. Kilikuwa cha moto, lakini si cha kuunguza. Sauti ilishuka mpaka ikawa mnong'ono, na harufu ya jikoni ikatufuata mpaka Kasongo.

Tulifika jua likizama. Mama mkwe hakupumzika, aliingia moja kwa moja ndani kwa binti yake. Mtoto amezaliwa leo kabla hakujapambazuka. Msichana. Feza mzima.

Asubuhi nilisimama uani nikingoja. Mama mkwe akatoka akitembea kinyumenyume, mgongo kwangu kama desturi inavyotaka, na mtoto amemlaza begani. Akasimama hapo muda mrefu, bila kugeuka, mpaka nikamwona vizuri yule mtoto, uso mzima.

Kesho nitafungua ponti, niioshe mawese yote, niitie mafuta yake. Baada ya hapo nitatafuta mbuzi. Kwetu, mwanamume akitoa mbuzi baada ya mtoto wa kwanza, mwiko unalegezwa na yeye na mama mkwe wake wanaweza kusemezana.

Nina neno moja la kumwambia, na sitaki Mama Zaina anipelekee.