Sakafu ya Sayari

Jumatatu, 4 Machi

Nyumba tupu tena. Mke wangu yuko kazini, duka la dawa. Binti yuko shule. Shemeji — kaka yake mke wangu, aliyekuja “kunisaidia” tangu nilipoanguka kutoka kwenye dari ya watu nikifunga nyaya — katoka na gari langu. Hajauliza. Ananiita Mgonjwa, hata mbele ya mwanangu.

Nyonga inauma nikikaa, inauma nikilala. Basi nimewasha gemu la binti. Zamani tulicheza pamoja, yeye kashika padi ya kuchezea, mimi nabuni majibu. Kabla sijaanguka tulikwama kwenye ukumbi wa nyota. Sakafu yote vigae, kila kigae na mchoro wake: jua, mwezi, sayari. Ukivikanyaga kwa mpangilio wake, mlango unafunguka. Ukikosea, kigae kinadondoka, na mtu wako anadondoka nacho.

Nimemwangusha asubuhi nzima. Anapiga ukelele uleule. Sijui kwa nini nakaa kumtazama.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza na iliyo karibu na jua, kama tulivyofundishwa shule: Utaridi, Zuhura, Dunia… Wapi! Kigae cha kwanza tu, chini. Nikageuza, nikaanza na Zohali. Chini. Nikapanga kwa ukubwa. Chini.

Jioni wakiwa jikoni niliwasikia. Wanadhani niliumia na masikio. Shemeji anasema nyumba imegeuka wodi, nipelekwe kwa kaka yangu mpaka nitembee vizuri. Mke wangu hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Aliuliza kama chumvi imekolea.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeanguka. Mimi, si yule wa kwenye gemu. Mlangoni mwa bafu, gongo limeteleza. Shemeji kaninyanyua kama gunia, anacheka: hata sakafu ya bafu imenishinda? Binti alikuwepo. Akatazama pembeni.

Sijacheza leo.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelipata!

Siku zote hizi nimeikodolea macho sakafu. Leo nikasukuma picha juu, nione dari. Mimi, fundi wa dari! Kuna mchoro mkubwa: Dunia katikati, vingine vyote vinaizunguka. Jua nalo linazunguka, kama wenzake. Waliojenga ukumbi ule ni watu wa kale, waliamini Dunia imetulia tuli. Kwa hiyo hesabu inaanzia kwetu, si kwa jua. Mwezi kwanza. Utaridi. Zuhura. Ndipo Jua. Mirihi, Mshtarii. Kila kigae nilichokanyaga kilitulia na kuwaka.

Zohali nimekiacha. Nataka akikanyage binti.

Nimemsubiri. Kaenda na mjomba wake kuosha gari. Gari langu. Wamerudi wamelowa, wanacheka, yeye kapitiliza chumbani.

Nimewawaza wale watu wa kale. Walikosea kabisa, lakini angalau walijiona wako katikati. Mimi nimekaa katikati ya sebule na hakuna anayenizunguka.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nikamwita, nikampa padi. Nikamweleza habari ya dari, maneno yakikanyagana kwa furaha. Akasikiliza vizuri mno. Akakanyaga Zohali, mlango ukafunguka, akapiga makofi. Nami nikapiga.

Nyuma ya mlango kuna ujia wa giza. Akaukimbilia. Akaruka shimo kabla halijatokea. Akainama kabla mshale haujatoka ukutani. Vidole vyake vilikuwa vinaijua njia.

Nikamuuliza, “Umeshapita hapa?”

Akasimamisha gemu. “Na mjomba. Ile wiki uko hospitali. Alitafuta jibu kwenye simu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mama alisema tukuache upate kitu cha kufanya. Tukakurudishia gemu palepale tulipokwama.”

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniuma. Wote watatu walijua, wakanitazama nikianguka wiki nzima, wakapita na vikombe vyao vya chai.

Nikaja chumbani.

Nikakuta begi langu juu ya kitanda. Mashati yamekunjwa, dawa zimepangwa upande. Mke wangu akaingia, akakaa pembeni yangu, akasema ni wiki chache tu, kaka yangu ndiye aliyesisitiza. Nikamwambia kaka hajawahi kusisitiza jambo lolote maishani mwake. Akatoka anafuta macho. Ningependa kuamini yale machozi.

Kaka kafika. Namsikia sebuleni, anasifia chai. Shemeji keshabeba begi. Keshabeba na magongo yangu, kayatia kwenye gari, ili nisipate tabu, anasema. Nimebaki kitandani na kalamu.

Binti kasimama mlangoni, padi mkononi. Anasema mbele kuna ukumbi mwingine, wenye mlango wa shaba, na hapo hajapita. Hata mjomba hajapita. Simu haikuwa na jibu. Anataka tuutazame pamoja.

Kaka anaita kutoka nje sasa. Twende, jua linakuwa kali.

Nimemwambia binti aje anipe bega. Kaja, kaliinamisha. Anasubiri nimalize kuandika. Hajaniuliza ninataka kwenda sebuleni au garini.