Mama Mkwe Amebaki Matema

Jumapili jioni, Mbeya. Baridi ya mwezi wa nane imenipokea stendi na kunisindikiza mpaka nyumbani. Nimebandika maji ya kuoga, na yalipochemka nikashindwa kuinua sufuria. Mikono inaniuma kuanzia mabegani hadi vidoleni. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu.

Nimerudi salama, namshukuru Mungu. Nimerudi bila mama mkwe.

Nayaandika haya leo, kabla jirani wa kwanza hajaniuliza bibi yuko wapi, maana najua nikichelewa nitaanza kuyapamba.

Baba mkwe alifariki mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga. Msiba ulipokwisha wanawe wawili wakakaa kikao. Shemeji Ambakisye, mkubwa, anafanya kazi Kyela mjini na nyumba yake imejaa watu. Mume wangu Ipyana ni dereva wa lori la mizigo, leo Tunduma, kesho Zambia, lakini nyumba anayo na mke anaye. Ikaamuliwa mama ahamie kwetu Mbeya, asikae peke yake Matema. Hakuulizwa. Mimi pia sikuulizwa, ila niliitikia pamoja na wengine kwa sababu ndivyo mke mwema anavyofanya.

Mama ni Mkisi wa Ikombe, kule kando ya Ziwa Nyasa ambako wanawake wanafinyanga vyungu na kuvipeleka sokoni kwa mitumbwi. Akaolewa Matema, ng'ambo kidogo tu, akaendelea kufinyanga. Sasa mtoe mtu kama huyo umlete Mbeya, umweke kwenye chumba cha wajukuu, umpe sweta.

Alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, kanga juu ya sweta, anaangalia mlango. Mama, chai? Sawa, mwanangu. Mama, nikuwashie televisheni? Sawa, mwanangu. Mama, unaumwa? Hapana, mwanangu. Hakuwahi kunigombeza hata mara moja. Kuna siku nilitamani anigombeze, angalau nijue yumo humo ndani.

Nitasema na hili. Kuna jioni nilikuwa nimeshamaliza wateja wote saluni kwangu, nimefagia nywele, nimefuta vioo, halafu nakaa tu kwenye kiti cha wateja nikichezea simu. Sikutaka kurudi kwenye ule ukimya.

Kisha wiki mbili zilizopita akapigiwa simu na Bibi Salome, rafiki yake tangu usichana. Nilimsikia akiongea Kikisi kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Alipomaliza akaja mpaka mlangoni kwangu, akasimama.

"Editha, kuna tamasha Matema ufukweni. Ngoma, mitumbwi, vyakula, vyungu. Nipeleke."

Ilikuwa mara ya kwanza ananiomba kitu.

Ipyana alikubali kwenye simu akiwa foleni ya mpakani. Shemeji Ambakisye naye alikubali, ila akaniwekea sharti: "Jumapili unarudi naye, shemeji. Asije akaanza maneno ya kubaki." Nikasema sawa. Watoto nikawaacha kwa mdogo wangu, tukaondoka Ijumaa.

Ukishaipita Tukuyu na kuanza kuteremka, joto linakupokea kidogo kidogo. Mama alivua sweta. Mbele kidogo akavua kitambaa cha kichwa. Tulipofika Matema na ziwa likaonekana pale chini ya milima, akavua na viatu, akavishika mkononi, akatembea mbele yangu kwa mwendo ulioniacha nyuma nahema.

Jumamosi asubuhi ufukwe ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi ni mtu wa sherehe. Upande mmoja wanaume wa ngoma, filimbi mdomoni na mashati yameloa jasho, wanaruka mpaka mchanga unatetemeka. Upande mwingine vijana wanacheza mpira peku, goli ni fito mbili. Kina mama wamepanga moto mstari mrefu: samaki wa ziwani aina ya mbasa wa kuchoma, ndizi zilizopikwa na maharage, wali wa Kyela ambao harufu yake tu inakushibisha. Kulikuwa na familia ya Kihindi yenye duka Mbeya, baba, mama na bibi yao mwenye sari, wamekaa kwenye mkeka wanakula ndizi kwa mikono na kuomba waongezwe. Na vyungu! Vyungu vimepangwa mchangani vikubwa kwa vidogo, kama mkutano wa hadhara.

Mama hakukaa chini. Kila hatua anaitwa. "Tusekile! Tusekile we!" Sikuwa nimewahi kusikia mtu akimwita jina lake. Kwetu ni mama, ni bibi, basi. Anashikwa mikono, anashikwa mashavu, analia, anacheka. Alichukua chungu cha mama mmoja, akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akamwambia kitu, wote wakaangua kicheko. Nilisimama pembeni nimeshika mkoba wake, nikaona kuwa mtu niliyeishi naye miezi yote ile nilikuwa sijakutana naye.

Mchana wakatangaza mashindano ya mitumbwi kwa kina mama, wawili wawili, mnaenda kuzunguka boya na kurudi. Mama na Bibi Salome walikuwa wameshajiandikisha bila kuniambia. Lakini Bibi Salome goti lilikuwa limevimba tangu asubuhi, na alipojaribu kupanda akapiga yowe. Mama akageuka, akaniangalia.

"Njoo."

"Mimi? Mama, mimi ni mtu wa Ilula. Maji niliyozoea ni ya kumwagilia nyanya."

"Kutwa nzima unasuka watu nywele. Mikono unayo. Njoo."

Watu walishaanza kupiga makofi. Kijana mmoja wa waandaaji akanifunga jaketi la uokozi na kulikaza mpaka nikakosa pumzi, Mungu ambariki. Nikajikuta nimekaa kwenye mtumbwi mwembamba kama kihori cha kulishia ng'ombe, kafi mkononi, mgongo wa mama mbele yangu.

"Usiangalie maji," akasema bila kugeuka. "Niangalie mimi. Nikichota, chota."

Filimbi ikalia. Nikachota. Nilichota ziwa lote nikalimwaga kichwani mwangu na mgongoni mwake. Mitumbwi mingine ikatupita kama tumefungwa kamba. Mama hakukasirika, alikuwa anahesabu kwa wimbo fulani wa Kikisi, na taratibu mikono yangu ikauelewa ule wimbo. Upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuinua mawimbi. Ufukwe ulikuwa mbali. Niliogopa, lakini ule mgongo mdogo wa mama mkwe wangu ulikuwa unakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, haukuyumba.

Tulipofika kwenye boya, katikati ya kuzunguka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi:

"Mimi sirudi Mbeya, Editha."

Nikaacha kupiga kafi. Mtumbwi ukageuka, ukaanza kuelekea Malawi.

"Piga kafi, mwanangu!"

"Mama, umesemaje?"

"Piga kafi kwanza, tutaongea nchi kavu!"

Tulikuwa wa mwisho. Wa mwisho kabisa, peke yetu ziwani, wenzetu wameshavaa nguo kavu. Lakini ufukwe mzima ulitusubiri na kina mama waliingia majini mpaka magotini kutuvuta, wakipiga vigelegele kana kwamba tumeshinda. Bibi Salome alikuwa anacheza kwa mguu mmoja. Nililia pale, na kwa sababu nilikuwa nimeloa hakuna aliyejua.

Halafu nikamwona Shemeji Ambakisye. Alikuwa ametoka Kyela kuja kutuona, shati limechomekwa, amesimama chini ya turubai na sahani ya samaki.

Kabla sijakausha uso mama alishamwambia kwamba harudi Mbeya. Shemeji akaweka sahani chini, akanigeukia mimi, siyo mama.

"Shemeji, umemwambia nini mama?"

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika. Nikinyamaza, mama anarudi kwenye kigoda. Nikisema abaki, ukoo mzima utasema mke wa Ipyana amemfukuza mkwe wake. Na kibaya zaidi, ndani yangu nilijua ni kweli nimechoka. Sasa nikimtetea abaki, namtetea yeye au najitetea mimi? Niliona bora niseme yote.

"Shemeji, nimechoka, sikufichi. Lakini hata kama nisingechoka, mama pale kwangu anakaa, haishi. Leo nimemsikia akicheka. Ulimsikia lini mara ya mwisho?"

"Kwa hiyo unataka watu waseme tumemtelekeza mama yetu?"

Mama akamgusa mkono. "Ambakisye. Kaa."

Mtu mzima yule, mwenye ofisi yake, akakaa mchangani na suruali yake ya kupigwa pasi.

Mama akabaki amesimama, maji yanamchuruzika. "Huyu hajanifukuza. Amenipikia, amenifulia, amenisuka nywele Jumapili kwa Jumapili kabla hatujaenda kanisani. Binti yangu wa kumzaa asingezidisha. Lakini kule sina kazi. Naamka, nalishwa, nalala. Hapa leo asubuhi watu watatu wameniuliza vyungu vyao vimepasuka kwa nini. Na kaburi la baba yenu nimepita jana jioni. Majani yamefika hapa." Akaonyesha kwenye goti. "Nani analifagia?"

Kyela mjini, anakokaa Shemeji, siyo mbali.

"Watu watasema, mama," Shemeji akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Waje waniambie mimi. Nitakuwepo hapahapa kuwajibu."

Tukampigia Ipyana, tukaweka sauti ya nje. Alisikiliza yote. Kisha tukasikia injini ya lori ikizimwa.

"Mama," akasema, "tulikuwa tunaogopa uugue usiku bila mtu."

"Najua, mwanangu."

"Hatukukuuliza."

"Hamkuniuliza."

Akapumua. "Editha, na wewe unasemaje?"

Mume wangu aliniuliza mimi nasemaje, mbele ya kaka yake. Nalishukuru swali lile kuliko yote ya jana.

Nikasema mama abaki, lakini asibaki peke yake. Bibi Salome, ambaye alikuwa anajifanya anakanda goti huku masikio yote yako kwetu, akadakia kwamba mjukuu wake wa kike anasoma sekondari palepale karibu, atalala kwa mama. Shemeji akasema atakuja kila Jumamosi. Mama akasema, "Na fyekeo uje nalo." Tukacheka wote, hata yeye Shemeji. Kisha akainuka, akajipangusa mchanga, akaenda kutuletea samaki, mimi na mama, sahani moja. Alimnawisha mama mikono kwa jagi, taratibu, kila kidole. Sijui kama alijua kwamba analia.

Jioni ngoma zilipoanza tena tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, tukala mbasa kwa mikono. Mama alinitolea miiba akaniwekea nyama upande wangu, kama anavyofanya mtu kwa mtoto. Mimi nina watoto wawili na sijui mara ya mwisho ni lini mtu alinitolea miiba.

Leo asubuhi tulipita kanisani pamoja, kisha akanisindikiza hadi kwenye gari. Niliinama kumuaga kwa heshima, akaniinua. Akasema "Ndaga", asante, akarudia kwa Kiswahili ili niwe na hakika: "Asante, mwanangu." Gari lilipoondoka nilitazama nyuma nikitegemea kumkuta bado amesimama. Hakuwepo. Alishageuka, anakwenda zake haraka, kuna mtu kamwita.

Nimelifurahia hilo njia nzima.

Sasa niko hapa, chumba cha watoto kina kitanda kimoja kitakachobaki kitupu hata watoto wakirudi, na moyo wangu una mambo mawili. Najisikia mwepesi, na najisikia vibaya kwa kujisikia mwepesi. Lile swali la jana bado sijalijibu vizuri. Labda nilimtetea yeye na nikajitetea mimi kwa pumzi moja. Kama ndivyo, nashukuru kwamba mara hii tulichokihitaji wote wawili kilikuwa kitu kimoja. Mara nyingi haiwi hivyo.

Majirani wataongea, najua. Mama Subira wa nyumba ya pili ataanza kesho asubuhi pale bombani. Nitamjibu kwa ufupi kwamba mama yuko kwake. Desemba shule zikifungwa tunateremka wote, na Ipyana ameshaomba likizo.

Usiku huu nafikiria kitu kingine. Mama yangu mzazi yuko Ilula, na mwaka huu kaka zangu wameanza kuongea kwa chini kuhusu nani amchukue. Kila wiki nampigia, namuuliza anaendeleaje, ananijibu mzima, tunaagana. Kesho nikifungua saluni, kabla mteja wa kwanza hajakaa, nitampigia tena.

Nitamuuliza anataka nini.